Kabla Slikback mwingine hajapanda ndege: Nairobi iipe besi nafasi

Jaribu kuuliza swali hili kwa mat yoyote ya asubuhi. Ni msanii gani wa Nairobi ambaye albamu yake ya 2025 ilitolewa na Planet Mu, lebo ya Uingereza ambayo imekuwa ikisukuma muziki wa elektroniki tangu 1995? Utapata kimya. Mmoja atakisia jina la rapa. Mwingine atauliza kama Planet Mu ni klabu mpya ya Westlands. Jibu ni Slikback, ambaye jina lake rasmi ni Freddy Mwaura Njau, na albamu inaitwa Attrition.

Hicho kimya ndicho tunataka kukiongelea leo. Si kwa sababu kila mtu lazima aipende hiyo albamu. Wengi hawataipenda, na hiyo ni sawa. Shida ni kwamba hatujapewa hata nafasi ya kuikataa. Mtoto wa mji huu ametengeneza moja ya kazi nzito zaidi za muziki wa dansi wa majaribio, na mji wenyewe hauna redio ya kuipiga, hauna ukumbi wa kuitetemesha, na hauna njia ya kumlipa aliyeitengeneza. Msimamo wetu ni kwamba Nairobi ina masikio ya muziki huu tayari. Kinachokosekana ni mahali na pesa. Na tukizidi kuzubaa, kila prodyuza wa aina hii atakuwa anatengenezewa jina kwingine halafu tunaletewa habari kama wageni.

Hii ni ngoma ya aina gani?

Attrition ni neno la Kiingereza linalohusu kitu kulika polepole, kama soli ya kiatu au breki ya gari, mpaka siku moja unagundua kimeisha. Jina limekaa vizuri. Ndani ya albamu mna mwendo wa tekno na besi ya dabstepu, halafu kuna sauti zilizokwaruzwa mpaka zinasikika kama mabati yanayoburutwa kwa lami. Hakuna korasi ya kuimba na mabeshte. Hakuna mtu wa kukwambia uinue mikono juu. Ukiisikiliza kwa simu mara ya kwanza utadhani spika yako imeharibika.

Kwa wale ambao haya majina ni mageni, tuelewane kidogo kabla hatujaendelea.

Tekno ni ule muziki ambao ngoma kubwa inapiga sawasawa, moja, mbili, tatu, nne, bila kuchoka, kama mashine ya kiwandani. Na kweli ulitoka mji wa viwanda. Mji ni Detroit, Marekani, miaka ya 1980. Majina yanayotajwa kila mara ni ya vijana watatu weusi waliosoma pamoja huko Belleville, nje kidogo ya mji: Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson. Mwaka 1988 mkusanyiko wa ngoma za Detroit ulitolewa Uingereza ukiwa na neno hilo kwenye jalada, na jina likashika. Kwa hivyo msee akikwambia tekno ni mambo ya wazungu, mwambie arudi darasani. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipogoma, na hata mimi nalijua hilo.

Dabstepu ilikuja baadaye. Ilizaliwa Croydon, kusini mwa London, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwenye kundi la vijana waliokuwa wanashinda kwa duka la santuri lililoitwa Big Apple. Mwendo wake ni kama midundo 140 kwa dakika, lakini ngoma zimeachiwa nafasi kubwa katikati, hivi kwamba mwili unausikia kama umepungua nusu. Hiyo nafasi yote inajazwa na besi. Mizizi yake iko Jamaika, kwenye ile mitambo mikubwa ya sauti ya mitaani, na kwa mafundi kama King Tubby waliokuwa wanaondoa sauti ya mwimbaji na kuacha ngoma na besi zikielea. Mmoja wa waanzilishi wa dabstepu, kijana mwenye asili ya Nigeria, anajiita Benga, kutoka jina lake Adegbenga. Hana undugu na benga ya D.O. Misiani, ila ukikutana na jina hilo mtandaoni usishtuke.

Kuchanganya hizi mbili hakukuanza jana. Mwaka 2008 jamaa wa The Hague, Uholanzi, anayeitwa Dave Huismans, alitoa albamu ya Aerial kupitia Tectonic, lebo ya Bristol ya DJ Pinch. Huismans alijiita 2562, ambayo ni nambari ya posta ya mtaa wake. Ni kama msee wa Buruburu ajiite 00515. Aerial inaonyesha vizuri vile mchanganyiko huu unafanya kazi. Tekno inaleta mwendo, dabstepu inaleta uzito. Moja inakusukuma mbele, nyingine inakuvuta chini, na wewe uko katikati unatafuta pa kukanyaga. Albamu yenyewe ni safi na tulivu, ina mwangwi mrefu kama ukumbi mtupu usiku.

Slikback anaanzia hapo hapo, lakini hana huo utulivu. Yeye anaongeza trapu, anaongeza kelele, anaongeza ngoma za haraka zinazokatika ghafla na kurudi mahali ambapo hukuzitarajia. Ukishaanza kuzoea mwendo, anaubadilisha. Besi inanguruma mpaka inapasuka, na anaiacha hivyo hivyo imepasuka. Kuna wakati unachoka. Hii si albamu ya kuweka ukiosha vyombo, na sitakudanganya kwamba kila dakika ni tamu. Lakini ukiipa spika inayostahili, kuna kitu inakufanyia kifuani ambacho ngoma nyingi za chati haziwezi.

Na Planet Mu si lebo ya kubahatisha. Mwanzilishi wake, Mike Paradinas, ni mwanamuziki mwenyewe, na lebo yake ilitoa dabstepu ya giza mapema kabisa, kama albamu ya Degenerate ya Vex'd mwaka 2005. Hao watu wanajua besi. Wakimchukua msee wa kwetu, wamemchukua kwa sababu kazi yake imesimama.

Masikio tunayo tayari

Sasa hapa ndipo watu wengi wanatukata. Wanasema, "Sawa, lakini hii si ya kwetu. Mkenya hawezi kusikiliza besi inanguruma dakika sita bila mtu kuimba."

Hawa watu huwa wanasafiri na nini?

Besi ya dabstepu inaishi chini sana, karibu na mitetemo 30 mpaka 60 kwa sekunde. Kispika cha simu hakifiki huko hata ukifunga na kuomba. Hedifoni za mia mbili za barabarani pia hazifiki. Ili uisikie unahitaji sabufa kubwa, iliyofungwa mahali padogo, na mtu mwenye wazimu kidogo wa kuiongeza sauti. Kule London, klabu ya Plastic People ilijulikana kwa hayo hayo tu: chumba kidogo, giza, na spika za nguvu. Dabstepu ililelewa humo.

Nairobi tuna vyumba kama hivyo vingi, na vina magurudumu. Panda nganya ya Rongai saa mbili usiku. Taa ni za zambarau, sabufa iko chini ya kiti chako, kioo cha dirisha kinatetemeka, na ile besi inakupanda kutoka kwa nyayo mpaka kwa meno. Huongei na jirani kwa sababu hamtasikizana. Makanga anafungua mlango na mtaa mzima unajua mmefika. Hakuna mtu amekuuliza kama unaelewa maneno ya wimbo. Mwili ushaelewa.

Wenye nganya wametumia pesa nyingi kutengeneza hiyo mitambo kuliko klabu nyingi za mtaani. Kuna mafundi wa kuseti sauti ambao kazi yao ni hiyo tu, na wanajulikana stejini kwa majina. Mwaka 2004 sheria za Michuki zilikuja na mistari ya manjano na vidhibiti mwendo, na watu wakadhani utamaduni huo umekufa. Haukufa. Ulijificha, ukarudi ukiwa na skrini na sabufa kubwa zaidi. Kizazi chetu kimelelewa ndani ya besi kuanzia kwenda shule ya msingi. Mtoto wa Umoja au Embakasi ana mafunzo ya miaka mingi ya muziki mzito kabla hajafika kidato cha nne, na ameyalipia nauli.

Kwa hivyo hoja ya "si ya kwetu" haisimami. Kilicho kigeni ni jina tu la muziki. Ile hisia tunaijua.

Na muziki wa mashine pia si mgeni hapa. Genge na kapuka zilitengenezwa kwa kompyuta, kwenye studio ndogo, na vijana ambao wazazi wao walikuwa wanauliza hiyo ni kazi gani. Calif Records na Ogopa hawakuwa na bendi ya watu kumi na wawili. Walikuwa na programu, kibodi na ujasiri. Gengetone ilipolipuka 2018 na kina Ethic, wakosoaji walisema ni kelele. Leo wanaikumbuka kwa hamu. Kila muziki wa vijana wa mji huu umewahi kuitwa kelele na mtu mwenye gari lake mwenyewe.

Njia ilipitia Kampala

Ebu tuangalie vile Slikback alifika alipofika, kwa sababu hiyo safari inatuonyesha shimo liko wapi.

Kazi zake za kwanza kujulikana, Lasakaneku ya 2018 na Tomo ya 2019, hazikutolewa Nairobi. Zilitolewa na Hakuna Kulala, ambayo ni tawi la Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Ndiyo, jina ni hilo. Acha kucheka. Kwa Waganda linahusu ile hamu ya ghafla ya kucheza. Hao ndio wenye tamasha la Jinja lililoanza 2015, ambalo wanasiasa wa Uganda wamejaribu kulipiga marufuku zaidi ya mara moja na bado linaishi. Waanzilishi wake wawili walitoka Ulaya wakahamia Kampala, wakafungua studio, wakaita vijana kutoka nchi jirani waje wakae, wajaribu, waharibu, warudie.

Angalia hilo jina tena. Hakuna Kulala. Lebo yenye jina la Kiswahili iko Kampala, na sisi tunaojigamba na Sheng kila siku tulikuwa tumelala.

Kutoka Kampala mlango ukafunguka. Slikback akapiga Unsound kule Kraków, akapiga CTM Berlin, na leo anaishi Ulaya. Hatumlaumu hata kidogo. Msee anafuata kazi. Wewe pia ungeenda.

Na hayuko peke yake. KMRU, yaani Joseph Kamaru, ni mjukuu wa yule Joseph Kamaru aliyeimba kwa Kikuyu na kuwakosesha wanasiasa usingizi. Albamu ya mjukuu, Peel, ilitolewa 2020 na Editions Mego ya Vienna, na yeye akahamia Berlin. Duma, wale wasee wawili waliotoka kwa metali ya Nairobi, walitoa albamu yao ya kwanza mwaka huo huo wa 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes. Coco Em, mmoja wa ma-DJ wakali wa mji huu, alitoa Kilumi mwaka 2022 kupitia InFiné ya Ufaransa.

Kampala, Vienna, Ufaransa, Uingereza. Soma hiyo orodha tena. Hakuna lebo hata moja ya Nairobi hapo. Vipaji vinatoka hapa, lakini uamuzi wa kipi kisikike na kipi kisisikike unafanywa na mtu ambaye hajawahi kupanda mat ya Rongai.

Sasa linganisha na majirani wetu wa kusini. Singeli ya Dar es Salaam ni ya haraka kuliko tekno, midundo inapita 200 kwa dakika, na ilianza kwa vigodoro vya mitaani, zile sherehe za usiku kucha za uswahilini. Ilipofika 2017 na mkusanyiko wa Sounds of Sisso ukatoka Kampala, Dar tayari ilikuwa inaicheza. Ulaya iliposhtuka, ilishtukia kitu ambacho kina wenyewe. Ndiyo maana singeli haijawa yatima. Msanii wa singeli akikosa safari ya Ulaya, bado ana harusi ya Jumamosi. Prodyuza wetu wa besi akikosa safari ya Ulaya, ana nini?

Doh iko wapi?

Hili ndilo swali ambalo mamako atakuuliza, na mamako ana haki.

Huyu prodyuza hana njia za kawaida. Skiza haitamsaidia. Nani ataweka besi iliyopasuka imwimbie bosi anapopiga simu? Spotify ilifika Kenya Februari 2021 na wengi walishangilia, lakini tangu 2024 wimbo usiofikisha mara 1,000 kwa mwaka haulipwi kitu pale. Kwa msanii wa pop hiyo ni asubuhi moja. Kwa mtu anayefanya majaribio kwa bedsita yake Kayole, hiyo 1,000 ni mlima, na ana nyimbo 40 na kila moja iko chini ya huo mlima.

Ndiyo maana wasee wengi wa aina hii wanauza Bandcamp, ambapo unanunua albamu moja kwa moja na kampuni inachukua kama asilimia 15 tu ya mauzo ya kidijitali. Slikback mwenyewe ameweka rundo la kazi huko kwa miaka. Lakini ukitaka kulipa unahitaji kadi au PayPal, na kijana mwingi wa hapa pesa yake iko M-Pesa. Kwa hivyo mnunuzi anakuwa mtu wa Berlin, sio wa Donholm. Taratibu prodyuza anaanza kumtengenezea huyo wa Berlin, kwa sababu huyo ndiye anajibu.

Najua msee mmoja wa Eastlands, jina tuliache, ambaye anatengeneza vitu vya aina hii usiku na mchana anauza biti za gospeli kwa elfu mbili. Alipata nafasi ya kupiga kwa klabu moja ya mji siku ya wiki. Dakika kumi na tano ndani, meneja akamwambia aweke kitu watu wanajua ama atoe laptopu yake. Hakulipwa hata nauli. Leo anatafuta makazi ya wasanii ya miezi mitatu Ulaya, na akipata, sidhani atarudi. Ni mtu mmoja tu, lakini ndivyo mji unavyolika. Hakuna mlipuko na hakuna kichwa cha habari. Siku moja tu unagundua fundi wako hayupo.

Tuwasikilize na wanaopinga

Kuna hoja mbili za maana upande wa pili, na hatutazikwepa.

Ya kwanza ni kelele. Watu wa mitaa wamechoka. Tangu 2009 tuna kanuni za kudhibiti kelele na mtetemo, na Novemba 2022 serikali ya kaunti ya Nairobi ilitangaza kwamba haitatoa leseni za klabu za usiku kwenye makazi ya watu. Wapenzi wengi wa muziki walikasirika. Sisi tunasema jirani ana haki ya kulala. Mtoto wake ana mtihani kesho, na besi ya chini ndiyo mbaya zaidi kwa sababu inapita ukuta ambao sauti nyingine zinashindwa kupita. Hatuwezi kutetea muziki huu kwa kumtesa mama wa ghorofa ya pili. Lakini kaunti ikifunga mlango mmoja lazima ionyeshe mwingine. Huwezi kumwambia kijana asipige mtaani, na hapo mjini kodi ya ukumbi ni ya wenye nacho tu.

Hoja ya pili ni ya wenye klabu na redio. Wanasema wao si shirika la misaada, wanapiga kinacholipa bili. Ni kweli. Lakini hebu tuwe wakweli na hesabu. Jumanne usiku klabu yako ina watu wangapi? Saa saba za usiku redio yako inapiga nini, kama si orodha ile ile ya mchana inayojirudia yenyewe kwenye kompyuta? Hatuombi Jumamosi yako. Tunaomba zile saa ambazo tayari umezitupa.

Tunataka nini basi?

Kwanza, kaunti ifungue kumbi zake. Eastlands ina kumbi za jamii zilizojengwa tangu enzi za mkoloni. Pumwani iko, Kaloleni iko. Wazee wetu walicheza dansi humo. Chagua ukumbi mmoja, uwekewe kuta zinazozuia sauti na sabufa za maana, halafu wape vijana usiku mmoja kwa mwezi kwa ada ambayo mtu anaweza kulipa. Mafundi wa kufunga mitambo wako stejini, hatuhitaji kuagiza mtaalamu kutoka nje. Hapo jirani analala na kijana anapiga.

Pili, redio zitoe saa moja kwa wiki, usiku wa manane, kwa muziki wa elektroniki wa Wakenya, na ziandikishe kila wimbo uliopigwa ili mwenyewe alipwe mrabaha. Bila hiyo orodha, hata ukipigwa mara mia ni kama hukupigwa.

Tatu, wenye nganya. Nyinyi ndio mko na mitambo bora, na ma-DJ wenu ndio wanaamua mtaa unasikia nini kabla redio haijajua. Tia ngoma moja ya Slikback katikati ya mseto wako, kati ya dancehall na arbantone, bila kutangaza. Tazama vichwa. Mkiona abiria wameshuka kabla ya stage yao, acheni. Mimi naweka nauli yangu kwamba hawatashuka.

Nne, wasee wa mafunzo. Santuri pale Westlands wamekuwa wakifundisha vijana kutengeneza muziki wa elektroniki, na wanafanya kazi nzuri. Lakini mtu wa Dandora anafika Westlands kwa nauli mbili na anarudi usiku. Vyuo vya ufundi vya mitaani vinavyofundisha useremala na nywele vinaweza kufundisha sauti pia. Kompyuta ni zile zile.

Tano ni mimi na wewe. Hapa hakuna waziri wa kulaumiwa. Tunalalamika wasanii wetu wanahama, na hatujawahi kununua hata wimbo mmoja wao. Kama una rafiki mwenye kadi, mtumie pesa kwa M-Pesa akununulie albamu. Ni bei ya chipsi na soda, mara mbili au tatu. Kama huna hiyo pesa, na najua wengi hatuna, basi mtumie mtu mmoja kiungo na umwambie aisikilize kwa spika kubwa, sio kwa simu. Hao watu ni wachache, kwa hivyo kila mmoja anahesabika.

Nenda uisikilize halafu ubishane

Hatuandiki haya ili Slikback arudi. Ameshajenga, na apewe heshima yake popote alipo. Tunaandika kwa sababu ya yule wa Kayole mwenye nyimbo 40, ambaye saa hii amefunika sabufa yake na blanketi ili mwenye keja asije kugonga mlango. Huyo bado yuko. Bado anaweza kusikika kwanza na watu wanaojua mtaa alioutoa kwenye hizo ngoma, kabla hajasikika na mtu wa Kraków.

Ukishaisikia Attrition mahali panapoistahili, uko huru kusema ni kelele. Sema kwa sauti, tubishane, hata tutukanane kidogo kwa mabano ya maoni. Muziki unaobishaniwa nyumbani una kwao. Usiobishaniwa hata na mtu mmoja ndio unaotafuta pasipoti.